Mtu wa Akiba

Baraka, 10 Desemba 2023

Dada Florentine,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Simu yangu si nzima, na kiatu cha kushoto hakijulikani kilipo. Wasalimie mama zetu wote wawili, mkubwa na mdogo, na mwambie wangu kwamba nakula, tena nakula sana, asianze kulia. Tumbo lako linaendeleaje? Uliposhuka kwenye boti pale Kibirizi umejikunja vile, nilifikiri utakufa kabla hatujang'oa nanga. Wewe ndiye uliyejiandikisha kujitolea kituoni miezi mitatu, mimi nikaandikwa wa akiba; nilikuja kukubebea begi tu, dada. Nilikuja kukusindikiza, nikasindikizwa mimi.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu ya simu. Hapa Baraka, upande wa Kongo, boti haifiki nchi kavu. Inasimama majini, na vijana wenye nguvu wanawabeba abiria mgongoni mpaka mchangani. Kila mtu alipanda mgongo wake na kumkumbatia mbebaji shingoni, hata mama mmoja mwenye kuku wawili. Mimi niliona haya kumkumbatia mwanaume nisiyemjua. Nikamshika kola ya shati kwa vidole viwili. Kola ikachanika. Tukaanguka wote wawili, mahali ambapo maji hayafiki hata magotini. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa mbele. Wanawake waliokuwa wakingoja ndagala (ndio dagaa wetu) walipiga makofi. Mmoja akaita wenzake: "Bamama, mukuje muone Mutanzania anaoga na nguo!"

Sasa lililo muhimu, na nakuomba usicheke. Nilipotoka majini alinijia mganga Isidore, mkuu wa kituo cha afya, ameshika ile barua ya utambulisho iliyotumwa na kanisa letu. Akaisoma, akanitazama, akasema, "Karibu sana, Florentine!" Nilikuwa nimelowa na watu kama arobaini wananiangalia. Kusema "Hapana, Florentine ameugua, mimi ni Gentille, mtu wa akiba" kulihitaji maneno mengi. "Asante" ni neno moja. Nikasema asante.

Nilidhani nitarekebisha kesho yake. Kesho yake akanitambulisha kwa wauguzi. Leo Jumapili nimesimamishwa kanisani. Kwa hiyo sasa hata Mungu ameelezwa kwamba mimi ni Florentine. Cha ajabu ni hiki: shuleni kwetu Kigoma hakuna mwalimu aliyewahi kulitamka jina langu. Wengine Jenti, wengine Gentile, yule wa hesabu aliniita Jentihili. Huu ndio mji pekee ambamo kila mtu, kwa Kifaransa chake, angelitamka sawasawa bila kufundishwa, na ndio nimekuja kulificha.

Nakaa kwa Mama Anastasie, mjane mwenye sauti ya kengele. Mkwe wake Fanny yuko nasi uani. Ana ujauzito mkubwa na anauza ndagala. Mume wa Fanny, Bienfait, ni mvuvi na kwa sasa yuko ziwani huko Kazimia. Kila Jumanne na Ijumaa tunapima watoto kituoni. Mizani inaning'inia kwenye boriti, mtoto anaingizwa kwenye kisuruali cha turubai, mimi naandika kilo. Unakumbuka lile daftari langu la masomo kumi na manne ya kuelimisha jamii? Ijumaa nilifundisha la kwanza, kuchemsha maji. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "We uko na batoto bangapi?" Nikasema sina. Akasema, "Aa. Endelea, endelea," kwa sauti ya mtu anayemtia moyo mlevi aliyesimama kuhubiri.

Asubuhi kukiwa hakuna ukungu naiona rasi ya Ubwari ng'ambo ya maji, ndefu kama mtu aliyelala ubavu. Wewe ulizaliwa kijiji gani kule? Mama Anastasie ana ndugu huko na anasema naweza kwenda siku moja.

Barua umpe Élie mwenye boti, huja kila baada ya wiki mbili au tatu. Tafadhali usipige simu ya mganga Isidore. Ukipiga ukajitambulisha, itakuwa Florentine anamtafuta Florentine.

Mdogo wako,
Gentille


Kigoma, 28 Desemba 2023

Mdogo wangu Gentille,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye cherehani. Mteja akaniuliza nimefiwa na nani, kumbe nilikuwa nacheka. Kwa vidole viwili! Umeshika kola ya mtu mzima kwa vidole viwili kama unatoa panya kwenye unga!

Huku tuko salama. Mvua ya Krismasi iliingia jikoni kwa mama yako na ikazima moto wa wali. Mama yangu ana kuku mpya asiyetaga, naye anamsifu kuwa ana adabu. Nguo za sikukuu zimenimaliza mgongo. Wote wanakusalimu. Nimekutumia sabuni mbili, viatu vya plastiki, na kitenge kimoja ujifunge, maana nakujua ulibeba sketi mbili na Biblia.

Suala la jina lisikunyime usingizi. Endelea kuwa mimi. Kwa jinsi unavyosimulia, huko nina tabia nzuri kuliko nilizo nazo huku. Naenda kanisani, sigombani na mtu, naamka mapema. Ukirudi utaniambia namna ninavyofanya.

Tumbo limepona. Kusema kweli haikuwa tumbo peke yake, mguu pia ulikuwa unanisumbua.

Hayo masomo kumi na manne yafundishe taratibu. Na ule.

Dada yako,
Florentine


Baraka, 21 Januari 2024

Dada Florentine,

Shikamoo, na pole ya mguu ambao sikuwahi kuusikia. Asante kwa vitu. Kitenge Mama Anastasie amekigeuza mara tatu, akasema kimetoka kwa mtu mwenye jicho la kuchagua. Uchaguzi umepita lakini picha za wagombea bado ziko kwenye kila ukuta; Fanny ameichukua moja kubwa akaitandika chini ya kapu la ndagala, anasema angalau huyu amemsaidia.

Taarifa ya kazi. Daftari la masomo nimelifunga kwenye somo la tatu. Somo hilo lilikuwa la kumbeba mtoto mgongoni kwa usalama. Nilionyesha kwa mtoto wa kweli, na mama kumi na tisa wakasimama kwa pamoja wamenyoosha mikono kumdaka. Tangu hapo naandika kilo tu. Na hata kilo! Wiki jana nilimwandikia mtoto wa miezi minne kilo kumi na mbili, nikampongeza mama yake kwa moyo wote. Kumbe Fanny, ambaye hakuja kupima chochote, alikuwa nyuma yangu anauvuta mguu wa mtoto chini. Mganga Isidore alicheka hadi akaketi.

Kuna jambo moja naliweza. Watoto hawalii kwangu. Mganga anasema ni kipaji. Si kipaji, dada. Ni kwamba naona haya kuwatazama machoni, nao wananichukulia kama sehemu ya boriti.

Nimejaribu kusema ukweli mara tatu. Mara ya kwanza mganga alikuwa anachoma sindano. Mara ya pili ng'ombe wa watu wa milimani waliingia uwanjani, tukakimbia. Mara ya tatu nilijiandaa vizuri, nikamwambia Mama Anastasie, "Mama, kuna jambo kuhusu jina langu." Akasema, "Iko jina ya muzuri sana, mwanangu," akanipa ndizi. Ningefanya nini? Niliila.

Kwenye barua yako umenijibu kuhusu sabuni, kuku na mvua. Ubwari umeiruka kama dimbwi. Mama Anastasie ananiuliza watu wetu ni wa kijiji gani, nasema sijui, na huo ndio ukweli pekee ninaoueleza hapa. Nyumbani kila nikiuliza, mtu anainuka kwenda kuangalia sufuria. Nikienda nimuulize nani? Niambie hata jina moja.

Gentille wako


Kigoma, 6 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Daraja la pili. Mama yako ameimba kuanzia uani mpaka dukani na kurudi, na sasa mtaa mzima unajua alama zako zote, hata ile ya fizikia ambayo tungeweza kuinyamazia. Hongera. Umetutoa kimasomaso.

Mguu umepona, sasa ni mgongo. Kazi ni nyingi.

Ubwari usiende. Maji ya miezi hii si mazuri, na wewe ni mtu wa kuanguka penye maji ya magoti. Umebakiza mwezi mmoja. Pima watoto, kunja kitenge chako, urudi.

Kuku wa mama ametaga.

Florentine


Baraka, 24 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Asante kwa habari ya matokeo. Nimeisoma mara nane, na ile ya fizikia mara moja. Mpe hongera kuku.

Nimebakiza wiki mbili tu hapa. Élie atanichukua Jumamosi tarehe tisa. Ningependa kukuandikia jinsi ninavyomaliza kazi kwa heshima, lakini ngoja nikuambie kilichotokea Jumanne.

Tulikuwa katikati ya kupima. Fanny alikuja kuniletea mihogo, akafika mlangoni, akashika ukuta, akasema kwa utulivu kabisa, "Florentine, ita muganga. Mutoto anakuja." Chumba cha kujifungulia kiko hatua ishirini. Muuguzi wa zamu alikuwa ametumwa dawa. Mganga Isidore akanitazama, akaona mikono miwili, akaniambia nishike beseni. Nilishika beseni. Kwa kushika nililishika vizuri. Mganga akasema, "Kichwa inaonekana, Florentine, sogeza beseni karibu," na mimi nikatazama pale ambapo sikupaswa kutazama.

Naambiwa nilianguka bila kukunja goti, kama mlango. Beseni liliruka, likampiga mganga begani, likazunguka sakafuni likiimba. Na Fanny, katika maumivu yale, akacheka. Alicheka kwa nguvu zake zote, na mtoto akatoka na kicheko hicho. Nilipofungua macho nilikuwa sakafuni, mganga amemshika mtoto wa kike kwa mkono mmoja na kwa mwingine ananimwagia maji usoni, na Fanny ananyoosha shingo kitandani akiuliza, "Iko muzima? Huyu wa chini, iko muzima?"

Mji mzima unajua. Dereva wa pikipiki jana alisimama akiwa na abiria wake aniulize kama naanguka pia kwa mapacha.

Sasa lililo zito. Juzi Mama Anastasie alinikalisha kwenye mkeka, akaniambia wameamua mtoto aitwe jina langu, maana alikuja duniani kwa kucheka na aliyemchekesha ni mimi. Wametuma habari Kazimia, na Bienfait amekubali. Mtoto anaitwa Florentine. Katika nyumba yao, mtu aliyempa mtoto jina ndiye somo wake, na somo ana kazi. Anambeba mtoto hadi ziwani mbele ya ukoo, anamwosha uso kwa maji, na kumwambia kwa sauti: "Mimi fulani, nimekupa jina langu, na yaliyomo." Mama Anastasie anasema tabia ya mtu hupita ndani ya jina kama maji ndani ya mfereji. Wanamngoja baba yake arudi. Watafanya Jumamosi hiyohiyo ya tarehe tisa asubuhi, kabla sijapanda boti.

Nimebeba uongo wangu miezi mitatu kama mtu anayebeba yai, na umeanguliwa. Nitasimama ziwani nimwambie mtoto wa siku kumi na nane "mimi Florentine"? Hilo si kama kumwambia mganga. Mganga ni mtu mzima, anaweza kujitetea.

Na kuna kitu kingine nakionea haya. Waliponiambia wamempa mtoto jina langu, nilifurahi sana kwa muda kama wa kupepesa jicho. Hakuna aliyewahi kunipa hata jukumu la kufuta ubao. Kisha nikakumbuka ni jina lako.

Niambie nifanye nini. Safari hii usiniandikie kuhusu kuku.

Gentille


Kigoma, 29 Februari 2024

Mdogo wangu Gentille,

Élie, ambaye mwezi huu anavuka kila wiki, ameniletea barua yako leo na anaondoka kesho, kwa hiyo naandika haraka kabla sijapata ugonjwa mwingine.

Siku ile Kibirizi tumbo halikuuma. Mguu haukuuma. Mgongo unauma kweli, ila ni wa cherehani.

Nilizaliwa Ubwari. Nilikuwa na miaka mitatu na nusu vita vilipotutoa. Jina langu nilipewa na jirani yetu, Florentine, mwanamke mrefu aliyekuwa anauza chumvi. Alikuwa somo wangu. Siku tuliyokimbia yeye ndiye aliyenibeba mpaka kwenye mtumbwi, akapanda nami, akaketi. Mtumbwi ukajaa kupita kiasi, ukawa unaingiza maji. Mwenye mtumbwi akasema lazima mtu mmoja ashuke. Watu wakatazamana. Yeye akanikabidhi kwa mama, akakunja kitenge chake, akashuka majini. Maji yalimfika kifuani. Akasema, "Endeni, nitafuata."

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka, au ndiyo niliyosimuliwa mara moja, mama alipokuwa na homa. Baada ya hapo hajasema tena. Hatujui kama alifuata. Hatujauliza. Miaka ishirini na sita kuna maboti kila wiki, kuna simu, kuna watu wa Ubwari sokoni Kibirizi wanaouza ndagala mbele ya macho yangu, na sijauliza. Ukiuliza unajibiwa.

Nilijiandikisha kwenye huu mpango kwa ajili hiyo. Nilijiambia nitapima watoto, na siku moja nitavuka tu. Kisha nikaiona boti imejaa watu, nikaona maji yalivyofika kwenye ubao, na nikashuka. Yeye alishuka ili mimi nibaki. Mimi nilishuka nikakuacha wewe ndani, na begi langu juu ya mapaja yako. Kisha nikakuandikia kwamba endelea kuwa mimi, nikacheka.

Waambie ukweli kabla ya Jumamosi. Huwezi kulitoa jina hilo, si lako. Na mimi niliye nalo nimeogopa hata kulipeleka kwao.

Mwambie Mama Anastasie naomba radhi. Umwambie wewe, mimi sina uso.

Florentine


Baraka, 4 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo, mara mbili. Barua yako nimeisoma nimejificha nyuma ya choo cha kituo, mahali pekee ambapo bamama hawanifuati. Sijui kukuambia nini kuhusu huyo somo wako. Nimeikunja barua na kuiweka kwenye Biblia, na kila nikiitazama Ubwari naona aibu kwamba nilikuwa nakuuliza kama mtu anayeuliza bei.

Nimewaambia.

Nilifanya mazoezi kwanza. Asubuhi ya Jumapili nilimhutubia jogoo wa Mama Anastasie. Alisikiliza mpaka nusu, akaondoka. Baada ya ibada wote walikuwa uani, Mama Anastasie anachambua maharage, Fanny ananyonyesha, na mganga Isidore amekuja kuniletea cheti changu cha shukrani, kimepigwa mihuri miwili. Nilikitazama kile cheti. "Tunamshukuru Mademoiselle Florentine kwa bidii na uaminifu." Ni neno uaminifu lililonisukuma. Nikasema, "Mimi si Florentine," lakini kwa sauti yangu ya kawaida, kwa hiyo ikabidi niseme tena.

Nikaeleza yote, kola, maji, barua ya kanisa, "asante". Nilieleza nikitazama maharage. Nilipomaliza, mganga akasema polepole, "Subiri. Ripoti yangu ya miezi tatu, ile nilitumaka ku ofisi ya Fizi, iko na jina ya muntu haiko hapa?" Nikasema ndiyo. "Na bamama mia mbili banakuita Florentine?" Ndiyo. Akakitazama cheti, akaitazama mihuri. "Wino ya muhuri ilikuwa ya mwisho," akasema, kwa huzuni ya kweli.

Fanny ndiye aliyeanza kucheka. Unamjua sasa, huyu mtu hucheka hata akizaa. "Miezi tatu! Tunakuita, unageuka!"

"Nilikuwa nageuka kwa kuchelewa kidogo," nikasema.

"Njo maana! Mi nilizania uko na masikio mubaya, nikakuwa nakuombea!"

Mama Anastasie hakucheka. Aliweka ungo chini. "Kwenu banakuita nani?"

"Gentille."

"Nani?"

"Gentille."

"Sikia, mutoto. Umekula kwangu miezi tatu. Sema kwa nguvu, hata Bienfait kule ku maji asikie."

Dada, nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele tangu nizaliwe, sikujua zinatokea wapi. Nilisema GENTILLE, jogoo akaruka ukuta, na jirani akajibu "Karibu!" kutoka upande wa pili. Walilitamka wote papo hapo, sawasawa kabisa, kama kitu walichokuwa nacho nyumbani siku zote. Nililia kidogo. Nilisema ni moshi, ingawa jiko halikuwashwa.

Fanny akasema basi mtoto abadilishwe, aitwe Gentille, maana aliyeanguka ni huyu. Hapo Mama Anastasie akainua mkono. "Jina haiko ndoo, useme hii inatoboka, munipe ingine. Mutoto tumemwita siku kumi. Anageuza kichwa. Kuliko huyu mukubwa, yeye anageuka mbio." Kisha akaniuliza, "Huyu dada yako, yeye mwenyewe alipata jina kwa nani?"

Sikusema. Hiyo si yangu kusema; nimejifunza kitu, hata kama nimejifunza wiki ya mwisho. Nilisema tu kwamba ni mtu wa Ubwari. Mama Anastasie akageuka akautazama ule upande wa maji. Akasema, "Akuje yeye mwenyewe. Tutaongea."

Uamuzi wake ni huu. Jumamosi asubuhi wanateremka ziwani. Kama mwenye jina atakuwepo, atambeba mtoto na kusema maneno. Kama hayupo, hawatamwacha mtoto na jina lisilo na mwenyewe. Wataliondoa, watampa langu, na mimi nitambeba. Élie anaondoka hapa sasa hivi na barua hii. Anarudi kutoka Kibirizi Ijumaa mchana, anafika hapa Jumamosi alfajiri.

Nitakuambia ukweli mwingine, maana nimeshazoea. Kuna sehemu ndogo ndani yangu inayotaka injini ya Élie iharibike. Si iharibike sana. Plagi tu. Niwe na mtoto mmoja duniani anayeitwa kama mimi, katika mji unaojua kulitamka. Jana nilikaa nikimtazama, nikamwita Gentille kwa kunong'ona, kumjaribu. Hakugeuka. Nikamwita Florentine, akafungua macho.

Kwa hiyo njoo. Sikuombi kama mdogo wako. Nakuomba kama mtu wa akiba: zamu yangu imekwisha, mwenyewe aingie.

Gentille


Kibirizi, ndani ya boti, 8 Machi 2024

Gentille,

Nimeshakaa. Niko katikati, kati ya magunia ya unga na mama mwenye redio. Élie amenitazama mara mbili, akaniuliza kama safari hii nashuka tena, ampe mtu mwingine nafasi yangu. Nimemwambia awashe.

Tumbo linauma. Safari hii ni kweli.

Jana nilimwambia mama ninakoenda. Alinyanyuka kwenda kuangalia sufuria, kisha akarudi, akaketi, na akaniambia jina la kijiji na jina la baba yake huyo Florentine. Alikuwa nayo siku zote. Amenipa na pakiti ya chumvi. Hakueleza ya nini, nami sikuuliza.

Nimeshona magauni mawili ya mtoto. Moja ni la Florentine. La pili utampa atakayekuja na jina lako. Fanny bado kijana, na wewe hujamaliza kuanguka.

Boti ya kurudi hatutaipanda kesho. Mama yako nimemweleza, amelia, kisha amekubali. Kuna mahali ng'ambo nataka unisindikize, na begi safari hii nitabeba mwenyewe.

Tukifika usijifiche nyuma ya bamama. Simama mbele. Nitakuita kwa jina lako nikiwa bado juu ya boti, kwa nguvu, wote wasikie, nawe uitike bila kuchelewa. Na wale vijana wa kubeba watu mgongoni, waambie mimi wasinibebe. Nitashuka mwenyewe, maji yanifike yatakapofika. Barua hii simpi Élie. Nitakupa mkononi, na ukiona imelowa, ujue ni kwa sababu hiyo.

Florentine